Calvin Peete: mchuma maharagwe aliyefundisha mkono uliovunjika kwenda kwa mwendo mmoja

Leo tunaacha kidogo habari za barabara, za mvua na za bei ya unga. Tunazungumza historia, na historia yenyewe ni ya mchezo wa gofu.

Wengi watacheka. Gofu katika inchi yetu ni mchezo wa watu wachache. Kuna viwanja vyake Kinshasa na Lubumbashi, na wengi wetu tunaona tu majani mazuri nyuma ya uzio, na kijana anayebeba mfuko wa fimbo za tajiri. Lakini mtu tunayemzungumzia hakuzaliwa ndani ya uzio ule. Alikuwa mtoto aliyehamishwa mara nyingi, akaacha shule, akachuma maharagwe katika mashamba ya wengine. Mkono wake wa kushoto ulivunjika akiwa mtoto na haukunyooka tena maisha yake yote. Alishika fimbo ya gofu kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 23. Hata hivyo, kwa miaka kumi mfululizo hakuna mtu katika ligi kubwa ya Marekani aliyepiga mpira ukaenda sawasawa kumpita yeye.

Jina lake ni Calvin Peete. Tunataka kueleza namna gani jambo hilo liliwezekana, kwa sababu jibu halikuwa nguvu.

Mtoto wa njiani

Peete alizaliwa Detroit, Marekani, tarehe 18 Julai 1943. Baba yake alipata watoto 19 kwa ndoa mbili. Wazazi walipoachana, mtoto alipelekwa kuishi kwa bibi yake katika jimbo la Missouri. Huko, akiwa na miaka kama 12, alipanda mti wa matunda akaanguka, na kiwiko cha mkono wa kushoto kikavunjika. Mfupa uliungana vibaya. Kuanzia siku ile mkono ule uliweza kukunjwa, lakini kuunyoosha kabisa haikuwezekana.

Kiisha akaenda kwa baba yake Pahokee, mji mdogo wa Florida kandokando ya ziwa Okeechobee. Udongo wa pale ni mweusi na wenye rutuba, na mashamba ya mboga ni makubwa sana. Lakini waliochuma hawakuwa wenye mashamba. Walikuwa maskini, wengi wao Weusi, waliolipwa kwa kadiri ya walichochuma. Mavuno yakiisha Florida, walipanda malori kuelekea kaskazini, wakifuata mazao jimbo kwa jimbo. Mwaka 1960 televisheni ya CBS ilionyesha filamu juu ya maisha ya wafanyakazi hawa wa kuhamahama, na Wamarekani wengi walishangaa kuona kwamba chakula cha mezani mwao kilichumwa na watu waliolala hivyo.

Calvin alikuwa mmoja wao. Aliacha shule mapema akaingia shambani kuchuma maharagwe na mahindi. Alipofika ujana aliona kwamba shamba lile halitamtoa. Akapata gari, akalijaza nguo na vitu vya mapambo, akaanza kuwafuata wachumaji wale wale, kutoka Florida mpaka jimbo la New York, safari ya zaidi ya kilometa 2000. Aliuza kambini, mlango kwa mlango. Akaweka hata vijiwe vya almasi katika meno yake ya mbele, kusudi wateja wamkumbuke. Wale kati yenu mnaotembeza sabuni na vitenge kambini mnaijua kazi hiyo: mwenye duka anangoja mteja, lakini mchuuzi anatembea.

Siku aliyodanganywa na marafiki

Mwaka 1966 Peete alikuwa Rochester, New York, akiuza bidhaa zake. Marafiki walimwambia waende kwenye karamu ya chakula. Gari likasimama mbele ya uwanja wa gofu. Hakuwa na namna ya kurudi, basi akacheza nao. Kabla ya hapo aliona ni upuuzi mtu mzima kufuata mpira mdogo juani. Lakini alikuwa amesikia pia kwamba bingwa Jack Nicklaus anapata feza nyingi sana kwa kazi hiyo hiyo. Yeye alitembea kilometa elfu ili auze suruali. Akaanza kufikiri.

Kwa wasioujua mchezo: uwanja wa gofu una mashimo 18, kila shimo lina upana wa sentimeta 10.8 tu, na linaweza kuwa mbali na mahali pa kuanzia kwa mita mia tatu, mia nne au zaidi. Mchezaji anapiga mpira kwa fimbo mpaka uingie. Anayetumia mipigo michache zaidi ndiye mshindi. Katikati kuna njia ya majani mafupi. Ukitoka nje yake unakuta majani marefu, miti, mchanga au maji.

Watu wa mpira wa miguu wataona ni rahisi, maana mpira umetulia na hakuna beki anayekukaba. Lakini ugumu uko hapo hapo. Katika mpira wa miguu mchezo unakukimbiza, huna nafasi ya kuogopa. Katika gofu unaanza mwenyewe, kila kitu kimenyamaza, na una muda mwingi wa kuwaza mabaya. Anayepiga penati anaelewa. Kipa, wavu na mpira ni vile vile vya mazoezini. Kinachobadilika ni moyo wa mpigaji.

Sheria ya mkono ulionyooka

Walimu wa gofu wa wakati ule walifundisha jambo moja kama amri: kwa anayepiga kwa upande wa kulia, mkono wa kushoto unyooke unaporudisha fimbo nyuma. Sababu yake inaeleweka. Mkono ulionyooka ni kama kamba iliyofungwa kwenye mti: ng'ombe akizunguka, duara linabaki lile lile. Mkono ukikunjika kisha ukanyooka, fimbo inapita juu ya mpira au inachimba udongo.

Peete hakuweza kuitii amri hiyo. Kwa hesabu ya vitabu, mchezo ulikuwa umemfungia mlango. Lakini kulikuwa na elimu nyingine ya zamani zaidi: elimu ya mwendo.

Zamani fimbo za gofu zilitengenezwa kwa mti mgumu unaoitwa hickory. Mti huo unapinda na kujisokota mchezaji anapouzungusha. Ukivuta kwa haraka, kichwa cha fimbo kinachelewa nyuma, na mpira unakwenda porini. Wachezaji wa enzi ile walilazimika kuanza pole, kungoja fimbo ifike juu, kiisha kuishusha bila kuirukia. Bobby Jones wa Atlanta, bingwa mkubwa wa enzi hiyo, alijifunza mwendo huo tangu utoto kwa kumtazama Mskoti aliyefundisha katika klabu ya nyumbani kwao. Lakini kuwa na mkono mzuri hakukumtosha. Mwaka 1921, katika mashindano ya St Andrews kule Scotland, akiwa na miaka 19, alikasirika akaacha mchezo katikati. Kulikuwa na mwendo katika mkono, lakini hakukuwa na utulivu katika moyo. Alipoupata utulivu alishinda mengi, na mwaka 1930 alitwaa mataji yote manne makubwa ya enzi ile katika mwaka mmoja.

Fimbo za chuma ziliruhusiwa Marekani katika miaka ya 1920, na wakubwa wa mchezo kule Scotland waliziruhusu mwaka 1929. Chuma hakipindi sana, basi wengi walidhani mwendo hauna kazi tena, sasa ni nguvu. Walikosea. Mwaka 2004 Mmarekani John Novosel alitoa kitabu baada ya kuhesabu picha za video za mabingwa, moja baada ya nyingine. Aliona kwamba mabingwa wa haraka na wale wa polepole wana jambo moja sawa: kuirudisha fimbo nyuma kunachukua muda mara tatu ya ule wa kuishusha mpaka kwenye mpira. Picha 27 kupanda, 9 kushuka. Au 24 kwa 8. Au 21 kwa 7. Mpigo mzima hauzidi sana sekunde moja, lakini ndani yake kuna hesabu ya tatu kwa moja.

Mama zetu wanajua jambo hili bila video. Angalia wanawake wawili wanaotwanga sombe katika kinu kimoja. Mchi unapanda kwa utulivu, unashuka kwa uzito wake, na wa pili anaingia katika nafasi aliyoachiwa. Asiyezoea anataka kuonyesha nguvu, anashusha haraka, michi inagongana na majani yanaruka nje. Mzee atamwambia asiongeze nguvu, afuate mapigo. Sombe inasagika kwa sababu mapigo hayabadiliki.

Kazi inayoanza kabla ya kupiga

Jambo la pili ni matayarisho. Mchezaji mzuri wa gofu hafiki kwenye mpira na kupiga tu. Ana desturi yake, na anairudia kila mara, akiwa anaongoza au anashindwa.

Aliyeieleza vizuri zaidi ni yule yule Jack Nicklaus, katika kitabu chake cha mwaka 1974. Alisema kwamba hapigi mpira wowote, hata mazoezini, kabla ya kuuona kwanza kichwani: mahali utakapoangukia, njia utakayopita angani, na mwili wake utakavyofanya kazi hiyo. Kiisha anasimama nyuma ya mpira, anaangalia mbali, halafu anachagua alama ndogo karibu, jani au kipande cha udongo kilicho hatua chache mbele katika mstari ule ule. Kulenga kitu kilicho karibu ni rahisi kuliko kulenga bendera iliyo mita mia mbili. Anaweka fimbo kwa kufuata alama ile, anapanga miguu, anatikisa fimbo kidogo ili mikono isikauke, kiisha anapiga.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Kwa sababu hofu inaingia mahali palipo wazi. Mtu aliyesimama juu ya mpira bila kazi ya kufanya ataanza kuhesabu feza anazoweza kupoteza. Mwenye desturi ana kazi mkononi: sasa naangalia, sasa nachagua alama, sasa naweka miguu. Na mwili unaopita njia iliyozoeleka unafika kwenye mpigo na pumzi ile ile na mapigo yale yale. Matayarisho na mwendo ni kitu kimoja: ukiharakisha ya kwanza, ya pili itaharakishwa pia.

Namna Peete alivyojijenga

Peete hakuwa na mwalimu utotoni wala klabu ya baba. Alisoma vitabu, akatazama filamu za mpigo wake mwenyewe, na akapiga mipira mingi sana katika viwanja vya umma. Kwa kuwa kiwiko hakikunyooka, alikiacha kilivyokuwa: kimekunjika kidogo mwanzoni, kimekunjika vile vile mwishoni. Kisichobadilika hakiharibu duara. Hakuirudisha fimbo mbali sana na hakutafuta umbali. Wenzake wengi walipiga mbali kumpita. Yeye alitafuta mwendo mmoja, na mpira uangukie njia ya katikati, tena na tena.

Mwaka 1971 akawa mchezaji wa kulipwa. Aliingia ligi kubwa ya PGA mwaka 1975, akiwa na miaka 32.

Tukumbuke ni mlango gani huo. Tangu mwaka 1934 mpaka 1961 kanuni za chama cha PGA zilisema wazi kwamba wanachama ni watu wa asili nyeupe tu. Peete alipozaliwa, sheria hiyo ilikuwa inatumika. Charlie Sifford ndiye aliyeuvunja ukuta huo katika mwaka 1961. Mashindano ya Masters, katika mji wa Augusta, hayakumwona mchezaji Mweusi mpaka Lee Elder alipocheza mwaka 1975. Basi Peete alipopanga miguu yake, hakuwa na hofu ya kukosa mpira peke yake. Watu wengi walingoja akosee.

Mwaka 1979 alishinda kwa mara ya kwanza, Milwaukee. Mwaka 1982 peke yake alishinda mara nne. Kuanzia 1981 mpaka 1990, miaka kumi bila kukatika, alikuwa wa kwanza katika hesabu ya mipigo ya kwanza inayobaki katika njia ya katikati: karibu nane kwa kila kumi. Mwaka 1984 alipata tuzo ya Vardon, inayopewa mwenye wastani mdogo zaidi wa mipigo. Mwaka 1985 akashinda mashindano makubwa ya Players kule Florida, kwa mipigo mitatu mbele ya wa pili. Jumla alishinda mara 12, na mpaka alipokuja Tiger Woods hakuna mchezaji Mweusi aliyeshinda zaidi yake katika ligi ile.

Diploma na maharagwe

Kuna sehemu moja ya habari hii ambayo tungependa vijana wa kambini waisikie vizuri. Ili Peete aweze kuchaguliwa katika timu ya Marekani kwenye Kombe la Ryder, alipaswa kuwa mwanachama kamili wa chama, na kanuni zilidai awe na diploma ya sekondari. Yeye aliacha shule akiwa mtoto. Mwaka 1982, wakati ule ule aliposhinda mashindano manne, alirudi kwenye daftari. Mke wake, aliyekuwa mwalimu, alimsaidia. Akafanya mtihani wa watu wazima unaolingana na diploma, akafaulu. Alikuwa na miaka 39.

Mwaka uliofuata, 1983, Kombe la Ryder lilichezwa Palm Beach Gardens, Florida, Marekani dhidi ya Ulaya. Palm Beach Gardens na Pahokee ziko katika wilaya moja. Kutoka uwanja ule mzuri mpaka mashamba yale ya udongo mweusi ni mwendo wa gari usiozidi sana saa moja. Nahodha wa timu ya Marekani alikuwa Jack Nicklaus, yule yule ambaye habari za feza zake zilimtoa Peete katika biashara ya suruali. Siku ya mwisho, wakati wachezaji wanapambana mmoja kwa mmoja, Peete alishinda mchezo wake kwa shimo moja. Marekani ilishinda kwa pointi 14 na nusu dhidi ya 13 na nusu. Katika tofauti ya pointi moja, hakuna pointi ya bure.

Calvin Peete alifariki Atlanta tarehe 29 Aprili 2015, akiwa na miaka 71.

Hatusemi kwamba gofu itamrudisha mtu kijijini kwake, wala kwamba kila mchuma maharagwe atakuwa bingwa. Wengi waliopanda malori yale pamoja na Peete walizeeka shambani, na kosa halikuwa lao. Tunasema tu alichokifanya yeye. Hakungoja mkono upone ndipo aanze. Alichukua mkono aliokuwa nao, akaupa mwendo mmoja, na kila mara kabla ya kupiga akasimama, akaangalia, akachagua alama iliyo karibu.

Mama anayeanza upya na kibanda cha mihogo barabarani, kijana anayerudi darasani na watoto wadogo kuliko yeye, wanaijua kazi hiyo. Kwao pia bendera iko mbali. Wanaanza na alama ya karibu: mtaji wa kesho asubuhi, somo la wiki hii. Kiisha wanarudia.